Sini ikikushika koo, rudi nyuma uitafute: mwongozo wa kuchambua hisia kwenye muvi

Mimi muvi nilizianzia kwenye kibanda cha video, Arua, Uganda, mabenchi ya mbao, mabati yanachoma, unalipa mia mbili unaingia, na vijei amekaa pembeni na maiki yake anatutafsiria kila kitu kinachosemwa. Siku moja ilikuwa muvi ya Kihindi, mama anamtafuta mtoto wake stesheni ya treni, watu wamejaa, na maiki ya vijei ikakufa hapohapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihindi. Nilidhani watu watapiga kelele warudishiwe pesa, kumbe kibanda kizima kikanyamaza. Kamera iko nyuma ya mgongo wa yule mama, uso wake hatuuoni, tunaona tu mkono wake unashika bega la kila mtoto mwenye shati la njano, mtoto anageuka, si yeye, anaenda kwa mwingine. Mzee aliyekuwa mbele yangu akavua kofia akaishika magotini kama mtu aliye msibani. Lile swali halijanitoka mpaka leo: kama hatukuelewa neno hata moja, nani alituambia tuhuzunike?

Sasa hivi kila Jumamosi tunakutana vijana kama kumi hivi hapa Kansanga, Kampala, wengine wametoka Busia, wengine Arua kama mimi, wengine Bunia na Goma, Kiswahili ndo kinatuunganisha, na tunachukua sini moja, yaani kipande cha muvi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, tunaifungua kama fundi anavyofungua injini. Hii njia ninayoandika ndo tunayotumia. Msingi wake ni mmoja tu na utauona ukirudi kila hatua: mhusika anataka kitu na anakificha, halafu kamera inaamua wewe utasogea karibu naye lini. Hisia inazaliwa hapo katikati. Machozi ya muigizaji ni kitu kingine kabisa.

Hatua ya kwanza: iangalie kama mtu wa kawaida

Chagua sini fupi, isizidi dakika mbili. Usianze na muvi nzima, utazama. Iangalie mara moja bila daftari, bila kalamu, simu weka mbali kama hauangalii kwa hiyo simu. Halafu jiulize swali moja tu: mwili wangu ulibadilika wapi? Pengine pumzi ilisimama, pengine uliinamisha kichwa, pengine ulijikuta umekunja vidole. Rudi kwenye sini utafute hiyo sekunde uiandike. Kwa mfano "sekunde ya 70". Sio "mwishoni mwishoni", hapana, sekunde yenyewe.

Hii hatua watu wanairuka sana kwa sababu wanaona ni ya kitoto, wanakimbilia kuandika mambo ya lenzi na taa. Lakini kama hujui ulipigwa wapi, utamtafutaje aliyekupiga?

Sini ya kufanyia mazoezi

Nitatumia sini tuliyopiga wenyewe kwa simu, kwa sababu naijua ndani na nje, najua pia ilivyoshindwa mara ya kwanza. Ni sekunde 84, shoti 11. Shoti ni kile kipande kuanzia pale picha inapoanza mpaka inapokatwa ije nyingine.

Hadithi ni hivi: baba ni mtu wa boda. Pikipiki aliichukua kwa mkopo, leo wamemnyang'anya. Anarudi nyumbani jioni kwa miguu na hajui atasema nini.

Kwanza tunaona ua wa nyumba za kupanga kutoka mbali, baba anaingia anatembea, helmeti mkononi (sekunde 9). Mama yuko kwenye sigiri, jiko la makaa, hainui kichwa, "umerudi?" (4). Baba mlangoni, pazia limemkata nusu ya mwili (5). Mikono ya mama inapakua posho (ugali) kwenye sahani tatu (3). Helmeti inatundikwa kwenye msumari, mkono wa baba unakawia kuiachia (6). Uso wa mtoto wa miaka saba, anaangalia (4). Kile anachokiangalia, nje ya mlango, pale pikipiki inapolala kila siku, pako wazi, kuna doa la oili tu kwenye udongo (5). Uso wa mama, anafungua mdomo aseme, anafunga (7). Halafu shoti ndefu, kutoka pembeni, baba amekaa kwenye kigoda, mama amepiga magoti na jagi anamnawisha mikono, kamera inasogea taratibu sana (24). Karibu kabisa: maji yameisha, jagi limeondoka, mikono ya baba bado imekingwa juu ya beseni (6). Mwisho, ua tena kutoka mbali kama mwanzo, pazia limefungwa, lile doa la oili liko mbele (11).

Watu wengi tuliowaonyesha walishikwa kwenye ile mikono iliyokingwa. Sekunde ya 70. Kitu tunachotafuta ni kwa nini.

Hatua ya pili: hesabu shoti na sekunde

Chukua daftari, chora mistari minne: namba ya shoti, sekunde, nini kinaonekana, kamera iko wapi. Zima sauti. Ndio, zima kabisa, maana sauti inakudanganya unadhani umeona kitu kumbe umekisikia. Kama unatumia kompyuta, kwenye programu ya VLC ukibonyeza herufi E picha inasogea fremu moja moja, yaani picha moja moja iliyoganda, na muvi nyingi zina fremu 24 kwa sekunde moja kwa hiyo utaona hata kope zikishuka. Kwenye simu, bonyeza pozi kila picha inapobadilika, ni kazi lakini inawezekana.

Ukimaliza angalia zile sekunde peke yake kama mtu anayesoma hesabu ya duka. Kwenye sini yetu shoti nane za kwanza zinakula sekunde 43, yaani kama tano tano hivi kila moja. Halafu ghafla inakuja moja ya 24. Mtazamaji hahesabu, lakini mwili wake ulishazoea kukatiwa kila sekunde tano, sasa anangoja ikatwe, haikatwi, anangoja tena, haikatwi, na hakuna pa kukimbilia, lazima akae na hao watu wawili na lile beseni. Hiyo ni hisia inayotengenezwa na saa tu.

Walter Murch, mhariri wa muvi wa Marekani, alipanga vigezo sita vya kuamua wapi pa kukata picha, na hisia peke yake akaipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, vingine vitatu vikagawana kilichobaki. Ukiona shoti imekatwa mahali pa ajabu, usiseme "wamekosea", uliza kwanza hisia ilikuwa inaenda wapi.

Hatua ya tatu: kamera iko umbali gani, na urefu gani

Hapa ndo penye nyama nyingi, kwa hiyo tulia.

Umbali una aina nyingi lakini kwa kuanzia tatu zinatosha: mbali (mwili mzima na mazingira yake), kati (kiuno kwenda juu), karibu (uso au kitu kimoja). Andika kwenye daftari M, KT, KR. Halafu uliza, nani amepewa karibu na nani amenyimwa?

Kwenye sini yetu mtoto amepewa uso wa karibu. Mama amepewa. Baba, mwenye msiba wake, hajapewa hata mara moja! Tunamuona kwa mbali, tunamuona nusu nyuma ya pazia, tunaona mkono wake kwenye helmeti, tunamuona kwa pembeni akiwa ameinama, tunaona mikono yake. Uso wake mzima hatuupati. Kwa sababu yeye anaficha, na kamera imemheshimu, imemwacha afiche. Wewe mtazamaji ndo unabaki unautafuta ule uso, na katika kuutafuta unaanza kumuonea huruma bila mtu kukuomba.

Mara ya kwanza hatukufanya hivyo. Tulimpa baba uso wa karibu pale pale mlangoni, sekunde ya 12, machozi yanatiririka, na muziki wa kinanda tukauweka chini ya picha. Yule kijana aliyeigiza alilia kweli kweli, alikuwa amekumbuka mambo yake ya nyumbani, nilijisikia vibaya hata kumwambia hiyo shoti tunaitoa. Lakini tulipowaonyesha majirani, sekunde ya 20 watu wawili walishachukua simu zao. Walishaambiwa kila kitu. Hakuna kilichobaki cha kutafuta, sasa wakae wafanye nini? Tangu siku hiyo nikiona muvi inakimbilia uso wa karibu mapema, naandika sekunde yake pembeni na duara.

Urefu sasa. Weka alama: kamera iko usawa wa macho ya nani? Kwenye shoti ya mtoto na ya lile doa la oili, simu ilikuwa kwenye kimo cha mtoto, kwa hiyo ile helmeti ukutani inaonekana kubwa na iko juu kama saa ya kanisa. Na kwenye ile shoti ndefu kuna kitu ambacho mtu wa hapa anakielewa haraka. Nyumba nyingi za Buganda mama akimnawisha mumewe anapiga magoti, ni heshima ya kawaida, hakuna anayeishangaa. Sini nzima baba alikuwa amesimama, mama chini kwenye sigiri. Sasa baba amekaa kwenye kigoda kifupi, mama amepiga magoti, na kwa mara ya kwanza vichwa vyao viko usawa mmoja. Kamera haijafanya ujanja wowote, imekaa tu pembeni ikaviacha vile vichwa vilingane. Ukiona kitu kama hicho kwenye muvi yoyote, wahusika wawili waliokuwa juu na chini wakakutana sawa, simama hapo, kuna jambo.

Kusogea kwa kamera: uliza inasogea kwa nani na kwa mwendo gani. Sisi tuliweka simu juu ya stuli tukaivuta kwenye mkeka, kama nusu mita kwa sekunde zote 24. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyesema aliona kamera ikisogea. Walisema "nilijikuta niko nao pale". Kamera ikikimbia unaiona, ikinyata unadhani ni moyo wako.

Kuhusu ule mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili, ambao kamera inatakiwa ibaki upande mmoja wake, sitakaa sana. Kama mama yuko kushoto na baba kulia, wanabaki hivyo. Wakigeuzwa ghafla na ukahisi kizunguzungu, uliza kama ni makosa au ni makusudi, basi, endelea.

Hatua ya nne: mhusika anataka nini, na mikono yake inasema nini

Andika sentensi mbili kwa kila mhusika. "Anataka..." na "Anaficha...". Usiandike "ana huzuni", hiyo ni hali, haisogezi kitu. Baba anataka chakula kiliwe kama siku zote, hata hii jioni moja tu. Anaficha kwamba kesho hakuna kazi. Mama anataka kuuliza. Anaficha kwamba ameshajua. Umeona? Wote wawili wanaficha kitu kilekile, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na hapo ndo uchungu ulipo. Kama mmoja wao angesema, sini ingeisha.

Halafu tafuta wapi kile kinachofichwa kinatoka bila ruhusa. Mara nyingi kinatoka mikononi. Mdomo mtu anaweza kuuchunga, mikono inamsaliti. Mkono wa baba kwenye helmeti: helmeti imeshafika kwenye msumari, kazi imeisha, lakini vidole vinabaki pale sekunde kama mbili zaidi. Na ile mikono iliyokingwa, maji yameisha na yeye hajui yameisha, maana yake akili haipo pale, iko kwa yule mtu aliyeondoka na pikipiki. Hakuna neno lolote la mazungumzo lingesema hivyo.

Kwa hiyo kwenye daftari ongeza mstari wa tano: mikono inafanya nini. Kwenye kundi letu huu mstari umefungua sini nyingi kuliko mingine yote.

Hatua ya tano: nani anajua nini, na sekunde ya ngapi

Chora majina ya wahusika, ongeza na jina lako wewe mtazamaji, maana na wewe ni mmoja wao. Andika kila mmoja anajua siri lini. Sini yetu: baba anajua tangu mwanzo. Mtoto anajua shoti ya sita na saba. Wewe unajua pamoja na mtoto, yaani unajua kwa macho ya mtoto. Mama anajua shoti ya nane. Kwa hiyo tunapofika kwenye ile shoti ndefu, kila mtu ndani ya chumba anajua, na kila mtu anadhani anailinda siri. Wewe peke yako ndo unaona wote wanajua. Huwezi kuwaambia. Hiyo ndo inashika koo.

Na uso wa mtoto usikudanganye. Watu waliangalia wakasema "huyu mtoto ana kipaji, uso wake una uchungu wote wa nyumba". Mtoto tulimwambia aangalie nje ya mlango ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, basi. Miaka mia moja hivi iliyopita kule Urusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa muigizaji mmoja akauunganisha na bakuli la supu, halafu na jeneza, halafu na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watu walimsifu muigizaji kwa njaa, kwa msiba na kwa mapenzi. Uso, kitu, uso. Akili yako ndo inajaza katikati. Kwa hiyo ukiandika "uso wake unaonyesha uchungu", rudi uangalie shoti iliyotangulia na inayofuata, pengine uchungu umekaa kwenye doa la oili.

Hatua ya sita: rudisha sauti

Sasa washa. Sikiliza mara moja macho yamefungwa, halafu mara moja ukiangalia. Andika kinachosikika na, zaidi, kinachokosekana. Kwenye sini iliyotangulia hii ya kwetu baba alirudi nyumbani injini ikiunguruma mpaka mlangoni. Leo kuna hatua za miguu kwenye changarawe, na mama kabla hajasema "umerudi?" mwiko wake unasimama kidogo tu, nusu sekunde. Injini ambayo haikulia ndo habari yenyewe.

Halafu sekunde ya 55, katikati ya kunawa, boda ya mtu mwingine inapita barabarani nje. Macho ya mama yanapanda, yanashuka. Baba haangalii. Muziki hakuna mwanzo mpaka mwisho. Mimi msimamo wangu ni kwamba kinanda kwenye sini kama hii ni sawa na vijei asiyekuacha uhuzunike mwenyewe, ila kuna muvi zinautumia muziki kwa akili sana, kwa hiyo usinifuate kwa upofu, andika tu muziki umeingia sekunde ya ngapi na kama hisia ilikuwa imeshafika kabla yake au imeletwa na muziki.

Hatua ya saba: toa shoti moja uone nini kinaanguka

Hiki ndo kipimo. Funika shoti moja kichwani mwako (au ikate kwenye programu ya simu kama una faili) halafu angalia tena. Ukitoa ile ya doa la oili, mikono iliyokingwa inakuwa mikono ya mtu aliyechoka tu, kwa sababu hujui kilichopotea. Kumbe nguvu ya sekunde ya 70 iliwekwa sekunde ya 31. Ukitoa ya mwisho, ile ya ua, uchungu unabaki lakini unabaki ndani ya chumba, hautoki kuwa wa watu wengine wenye milango kama ile.

Ukitoa ya sahani tatu? Mimi nasema hakuna kinachoanguka. Dada mmoja wa Busia akanipinga kwa nusu saa, anasema bila hizo sahani hatuoni kwamba jioni ilianza kama jioni nyingine zote, na kitu hakiwezi kuvunjika mbele yako kama hukukiona kikiwa kizima. Bado naona ingetoka, lakini hoja yake ilikuwa na ushahidi wa picha, na ndo tunachotaka.

Hatua ya nane: andika

Kila sentensi iwe na kitu kilichoonekana, halafu kinafanya nini kwa mtazamaji. Usiandike "mwongozaji ametumia kamera vizuri kuonyesha huzuni". Usikimbilie pia mambo ya "nyekundu maana yake damu", rangi inaweza kuwa ya shati tu. Huyu ni kijana wetu mmoja wa Bunia, wiki yake ya tatu na sisi:

"Kamera inamnyima baba uso wake mpaka mwisho. Tunapewa helmeti, tunapewa mgongo, tunapewa mikono. Kwa sababu shoti za mwanzo zinakatwa haraka, ile ya kunawa inayodumu sekunde 24 inatufunga pale, na vichwa vya mume na mke vikiwa usawa mmoja tunaelewa kwamba mzigo sasa ni wa wawili ingawa hakuna aliyesema. Maji yanapoisha na mikono inabaki imekingwa, ndipo tunaona kile alichokificha tangu mlangoni."

Andika ya kwako urefu kama huo, halafu mpe mtu ambaye hajaiona hiyo sini na umpe kalamu. Kama anaweza kukuchorea kamera ilikuwa wapi na watu wamekaaje, umemaliza. Kama anakuuliza "lakini huyo baba alikuwa amesimama au amekaa?", rudi kwenye daftari, kuna shoti hukuiangalia.